Ukuta Katikati ya Nyumba ya Bi Zuhura

Siku ya kwanza sikupewa mwiko, nilipewa mchi. Fundi Mkuu, mtu wa Ujiji, alinionyesha rundo la simbi, makombe ya ziwani, zilizokwisha kuchomwa tanurini. "Ponda. Ukiuliza kwa nini, rudi Bugarama ukalime mihogo." Nikaponda. Shule sikukaa, herufi nimezijulia ukubwani, lakini chokaa naijua: unaimwagia maji ichemke, unailaza shimoni mpaka ilainike kama siagi, ndipo unapiga lipu. Ninyi watu wa saruji hamwezi kungoja.

Nyumba ile kubwa ya Rumonge tulimjengea mfanyabiashara Mwarabu: ghorofa, boriti za miti ya msitu wa Kigwena, baraza pana ya kutazama ziwa. Desturi yetu mafundi, nyumba haikabidhiwi aliyelipa. Hukabidhiwa anayewasha moto wa kwanza jikoni. Aliyewasha ni mkewe, Bi Zuhura. Tangu hapo hata Fundi Mkuu hakuingia bila hodi.

Mwarabu akafa. Wajerumani, tuliowaita Wadachi, walikuwa wameshatawala, na Bwana Luteni wa boma akaitaka nyumba akae yeye. Bi Zuhura hakuwa na pengine pa kwenda. Luteni akatuita barazani.

"Nyumba iko ya nani?"

Mutware, chifu wa pale, akasema ardhi ni yake, Mwarabu alipewa kutumia tu. Shemeji wa Bi Zuhura akasema kuta ni za marehemu kaka yake, basi ni zake. Fundi Mkuu akaeleza habari ya moto. Mimi kichwa kiliniuma. Kila aliyesema, niliona kasema kweli.

Luteni akacheka. "Rahisi! Mupishi, washa moto."

Mpishi wake akaenda na kuni, akarudi nazo. "Bwana, moto iko tayari. Mama amekaa mbele yake."

"Uzime!"

Bi Zuhura akajibu kutoka ndani: "Njoo uuzime mwenyewe, baba. Ila atakayeuzima, chakula changu atapika yeye mpaka nife!"

Askari wakaangua kicheko. Luteni akawa mwekundu. Afisa mzima kugombania jiko na mjane, mbele ya watu wake! Akanigeukia mimi: "Wewe. Jenga ukuta katikati. Mbele kwangu, nyuma kwake."

Nikajenga, na timazi nikaiweka sawa, ingawa sikuelewa najenga nini. Nyumba moja, wenyewe wawili, na nje wengine wawili bado wanabisha.

Vita vya Wazungu vikamwondoa Luteni. Bi Zuhura akaniita nikauvunja ukuta. Wabeleji nao walipofika wakauliza lile lile, na mutware na shemeji wakajibu yale yale.

Sasa nimeacha kazi, vidole vimeliwa na chokaa. Vijana huja kuniuliza nyumba ilikuwa ya nani. Sijui, na anayesema anajua anawadanganya. Ninachojua, Bi Zuhura alifia humo, na jeneza lake tulilitolea mlango wa mbele.