Amina ya Mwenye Skrapu

Habari ilinifikia nikiwa kwenye foleni ya kupeleka maziwa: yule bwana wa yadi ya skrapu katika kituo chetu cha biashara, mwendo mfupi kutoka Bomet mjini, alilala usiku na asubuhi hakuamka. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtanishangaa. Nimemlalamikia hapa zaidi ya mara moja, kwa sababu ya rundo lake la mabati na chupa za plastiki lililotazamana na mlango wa kanisa letu. Leo namshukuru Mungu kwa ajili yake, na ni haki nieleze kwa nini.

Alikuja huku kutoka upande wa ziwani akiwa kijana, akachuma majani chai miaka mingi, hadi mashine zilipoingia mashambani na mikono mingi ikakosa kazi. Wenzake walirudi kwao. Yeye akaanza kuokota tulichokitupa: mitungi ya maziwa iliyotoboka, aproni za plastiki za wachumaji, mabati yenye kutu. Alivipanga, akavifunga, vikapanda lori kwenda kuyeyushwa kiwandani. Alilea watoto kwa vitu ambavyo sisi tulivipiga teke. Hilo halikutuzuia kuandikia wadi barua tukitaka yadi ifungwe.

Kamati ya wadi ikaja kusikiliza maoni ya wananchi katika ukumbi wa kanisa. Kwetu hakuna kikao kinachoanza bila sala, hata cha kugawa mbolea, na mzee wa kanisa aliyekuwa karibu ni mimi. Nilifumba macho, nikashukuru kwa mvua, kisha nikaona nafasi ya dhahabu, maana nani atamkatiza mtu anayeomba? Nikamweleza Mungu habari za panya. Nikamweleza habari za nyundo zinazogongwa wakati wa mazoezi ya kwaya, na za watalii ambao hawajawahi kufika kwetu lakini siku moja wangeweza. Nikamalizia, "Baba, yadi hii na ihame." Ukumbi mzima ukaitika Amina, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwenye yadi. Karani wa kamati, mama makini asiyeacha neno lianguke, akasoma alichoandika: "Wananchi wote, pamoja na mwenye yadi, wamekubali yadi ihame."

"Mama, futa hapo!" bwana yule akaruka. "Mimi nimemwitikia Mungu, sijaitikia kaunti."

"Lakini umesema Amina. Tena kwa nguvu."

"Sasa mzee akiomba, ninyamaze kama mpagani? Basi wacha na mimi niombe. Na uandike."

Mwenyekiti hakuona pa kumkatalia. Bwana akafumba macho. "Baba, asante kwa kengele ya kanisa hili, ambayo ni rimu ya lori kutoka kwa yadi yangu. Asante kwa vyuma vya mabenchi haya tumekalia. Asante kwa majirani wote ambao huniletea mali wakipitia nyuma. Na asante kwa huyu mzee wetu ametuombea, ambaye majuzi aliniletea sufuria mbili kubwa, akaniambia kwake hazina kazi."

Nikafumbua jicho moja. Mke wangu, kwenye benchi la kina mama, alikuwa ameshafumbua yote mawili. "Kumbe ni wewe!" akasema, kwa sauti isiyo ya sala. "Na vile nimemnunia mama jirani wiki mbili!" Kina mama walicheka hadi wakashindwa kuitika. Amina ilipokuja, hata mimi niliisema.

Yadi ikaongezewa mwaka mmoja, kwa sharti aizungushie ua wa kayaba, ule mti wa miiba mirefu. Jioni hiyohiyo alibisha kwangu akiwa na sufuria zote mbili, zimesuguliwa zinang'aa. "Sikuzipeleka, mzee," akaniambia. "Nilijua zitatafutwa."

Nimesoma Maandiko tangu ujana na nimefundisha wengi kuomba, lakini ni yeye aliyenionyesha kwamba siku ile nilimfanya Mungu kuwa mjumbe wa kamati. Na nilimshtaki jirani kwa uchafu ambao ni mimi na wenzangu tuliomletea.

Kabla mwili wake haujasafirishwa kwenda kwao ziwani, tulifanya ibada ukumbini. Rimu ikagongwa. Kamati ilifika, na karani wake. Ule mwaka wa kibali unakaribia kuisha, na ingawa mjane anataka kuendeleza kazi, nilishasikia minong'ono nje kwamba yadi imfuate mwenyewe. Nikaombwa nifunge kwa sala. Mungu anisamehe, nilirudia kosa lilelile. Nilishukuru kwa uhai wa ndugu yetu na kwa subira yake kwetu, kisha nikasema, "Baba, yadi hii na ibaki mikononi mwa mama huyu." Amina ikatikisa mabati, hata wale wa minong'ono nikawasikia ndani yake. Nikafumbua macho, nikamtafuta karani.

"Mama," nikamwambia, "andika."