Goti la Mama Manase

Dorika, mama yake Manase, alikuwa na goti la kushoto lisilokunjika, na kisa cha goti hilo kilitegemea nani anauliza. Kanisani alisema aliteleza akitoka kumwombea mgonjwa. Sokoni Njombe alisema alipigana na chui, na kati yao wawili chui ndiye aliyeumia zaidi. Lakini majirani zake wa kijijini Ramadhani, waliomwokota siku ile kwenye tope, walijua kwamba chui mwenyewe alikuwa kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, na kwamba alipoanguka, sehemu kubwa ya chui ilikuwa tayari tumboni.

Mfupa uliunga vizuri. Goti ndilo lililogoma. Dorika angeweza kuishi nalo hivyo hivyo, maana kulima alilima na kucheka alicheka. Taabu ilianzia kwa Manase. Kijana alikuwa amemchumbia Ema, binti wa mzee Efraimu, na kwa Wabena mwanamke humsalimu mkwe kwa kupiga goti. Efraimu alipokutana na Dorika njiani, akapewa "Kamwene, mkwe!" na mwanamke aliyesimama wima kama nguzo ya simu.

Mzee akageuza njia. Alimwita mshenga, Kornelio, akamwambia: "Ema wangu haendi kwenye nyumba ya mama mwenye kiburi namna ile. Wakimtaka, mama huyo aje apige goti hapa uwanjani kwangu. Asipokuja kabla ya mavuno, kuna watu wa Tandala wameshabisha hodi."

"Si umwambie goti langu limekufa?" Dorika akamwuliza Kornelio.

"Nimemwambia, mama. Anauliza, kama limekufa, mbona kule kwenye mianzi yenye ulanzi unafika kabla ya ndege?"

Manase akaacha kula. Kijana mwenye mabega kama mlango wa ghala akawa anashinda anatazama moto. Dorika alivumilia hayo mpaka alipomwona anaosha vyungu bila kutumwa. Hapo akajua mtoto anakufa.

Alianza na mganga mmoja aliyemuuzia mafuta ya fisi. Goti halikukunjika hata kidogo, ila mbwa wote wa mtaani wakaanza kumsindikiza kila aendako, mpaka watu wakadhani anafuga. Akaenda kwa dresa mmoja, mfunga vidonda wa serikali, yule akamgeuza na kumchoma sindano kwenye makalio.

"Baba, goti liko mbele. Mbona unapiga nyuma?"

"Dawa inazunguka mwilini, mama."

"Basi ya kwangu imepotea njia."

Ni Oktavia, muuza vyungu, aliyemwambia habari za Makambako. Kule kwenye zahanati ya misheni, alisema, amekuja daktari wa viungo kutoka Ulaya. Wakati wa vita kazi yake ilikuwa kuwarudisha askari waliovunjika wasimame tena kwa miguu yao wenyewe.

"Anatoa dawa gani?"

"Hatoi dawa. Anakukunja."

Dorika alipanda lori la magome ya miti ya miwati lililoendeshwa na Odilo. Mguu ukakataa kuingia ndani, kwa hiyo ukasafiri nje, umetokeza dirishani upande wa kushoto. Siku hizo dereva alionyesha kwa mkono upande anaotaka kukata, na kila aliyepishana nao aliona mguu wa mama ukisema lori linakata kushoto. Wanasema gari la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, liliwafuata mwendo mrefu sana likingojea lori likate, mpaka likachoka, likakata lenyewe, likaingia kwenye shamba la viazi. Odilo aliapa kwamba ni kweli, na Odilo alikuwa anasema uongo siku za kazi tu.

Zahanati ilikuwa na baraza ndefu. Dorika hajakaa vizuri, akatokea mwanamke wa kizungu, kijana, mikono ya gauni ameikunja, miguuni hana viatu. Akaja mpaka mbele yake, akapiga magoti yote mawili chini kwenye sementi.

"Kamwene, mama. Mimi ni Ida."

Hapo ndipo Dorika alipokosea, na mwanamke yeyote wa Kibena angekosea vivyo hivyo. Anayekupigia goti ni mkweo au mdogo wako. Daktari hapigi goti; daktari hupigiwa. Basi huyu, akajiambia, ni msichana wa kazi, na amefundwa vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Niletee maji ya moto nikande mguu. Halafu niitie daktari."

Ida akaleta maji. Akaukanda mguu mwenyewe, akaukunja polepole, Dorika akapiga yowe lililowatoa kuku barazani.

"Taratibu, binti! Daktari akikukuta unanivunja atakufukuza! Yuko wapi?"

"Yupo, mama," Ida alisema, akaendelea kukunja.

Asubuhi iliyofuata Ida akaja tena, akapiga goti, lakini safari hii hakuinuka. Alibaki chini akitabasamu. Dorika akaanza kutokwa jasho. Mtu akishakaa chini namna hiyo kwa ajili yako, huwezi kumwangalia kutoka juu kama twiga; lazima uteremke hata kidogo, la sivyo watasema hukulelewa. Akashika nguzo, akateremka kidogo tu, goti likalia kama mlango wa zamani. Ida akaruka, akamwinua, akashukuru kana kwamba kapewa ng'ombe.

Ikawa hivyo kila kukicha. Msichana anapiga goti na kugoma kuinuka, na Dorika, kwa aibu tupu, anateremka zaidi ya jana. Akawalalamikia wagonjwa wenzake: "Msichana huyu anapenda kuheshimiwa! Na daktari mwenyewe mvivu, hata kivuli chake sijakiona."

Wakaangua kicheko hadi mzee mmoja akaangusha magongo yake. "Mama Manase," akasema, "unamtuma daktari maji ya moto tangu umefika."

Dorika akamwita Ida. "Kumbe ni wewe! Basi maji ya jana yalikuwa vuguvugu."

Wangeendelea vizuri, ila Kornelio alifika mbio na habari: watu wa Tandala wanakuja kwa Efraimu Jumapili. Dorika akafunga kanga zake.

"Mama, kushuka umeweza," Ida alimsihi. "Kuinuka bado ninakuinua mimi. Kaa kidogo."

"Mwanangu, mkwe wangu hajaomba niinuke."

Jumapili uwanja wa Efraimu ulijaa. Wageni wa Tandala wamekaa, Ema yuko mlangoni macho yamevimba, Manase nyuma ya mama yake hapumui. Dorika akatembea mpaka mbele ya mzee, akateremka bila kushika kitu, magoti mawili chini. "Kamwene, mkwe."

Watu wakaguna. Efraimu akakohoa. "Kamwene. Haya, nimeona. Inuka, mama."

Dorika akajaribu. Goti likamwambia hapana. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Ida yuko Makambako.

"Siinuki," akasema kwa sauti kubwa, "mpaka nisikie Ema ni wa Manase."

"Mama, inuka kwanza tuzungumze."

"Siinuki!"

Chakula kikaiva, kikapoa. Hakuna aliyethubutu kula mbele ya mkwe aliyepiga goti kwenye vumbi. Wageni wa Tandala wakaanza kunong'onezana, mkubwa wao akasimama akasema nyumba inayopendwa namna hii wao hawaiwezi, wakaaga. Efraimu akajipangusa uso.

"Haya, jamani! Ema ni wa Manase! Sasa inuka!"

"Niinueni ninyi," Dorika akasema, "ndiyo nijue mmekubali kwa moyo."

Ikabidi Fidelia, mke wa Efraimu, aitwe pamoja na majirani zake, wakambeba Dorika kwa vigelegele mpaka kwenye kigoda. Efraimu alizeeka akisimulia kwamba hajapata kuona mwanamke aliyemheshimu mkwe wake kama yule. Dorika, kila akiisikia habari hiyo, alishusha macho kwa unyenyekevu mkubwa na kuomba aongezewe ulanzi.