Maharage ya Nesi wa Kiongoroni

Haya nyie wa nyuma, sogeeni, na hizo simu zimeni! Leo nina neno tamu kushinda wali wa nazi. Nakumbuka siku moja kule Kiongoroni, mie kijana, kifua kama gogo la mkoko, kijiji kizima kiliponusurika kukosa nesi kwa ajili ya maharage. Maharage, wanangu!

Kiongoroni ni samaki mtupu. Paka wa kule wanene mpaka wakipiga miayo wanapumzika katikati. Sasa akaletwa nesi Ester, Mgogo wa Dodoma, Mkristo, na ukoo wao samaki ni mwiko. Anachemsha maharage yake, anacheka na kila mtu. Lakini watu roho zikawauma. "Anatuona tunanuka," wakasema.

Aliyezidi ni kaka yangu Shomari, na mkewe ana mimba kubwa kama mtumbwi uliopinduliwa! "Ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho," akasema. "Leo atakula tu." Siku ya maulidi akasaga dagaa, akawakoroga kwenye sufuria la maharage ya nesi. Nesi akala. Watu wakaangua kicheko, wakamwambia. Lo! Alitapika nikadhani na maini yatatoka. Hakumtukana mtu. Akafunga begi, akapanda boti ya kurudi bara, ya Nyamisati. Kilichomchelewesha ni maji tu: yamekupwa, boti imekaa juu ya matope.

Papo hapo mke wa Shomari akashikwa uchungu.

Shomari akabaki mdomo wazi, nzi wanaingia na kutoka. Bibi yetu, Bi Somoe, akamtokea na sauti iliyosikika mpaka Mafia:

"Wee Shomari! Methali imesema mgeni afumbe jicho, haijasema wewe umtoboe! Ramadhani ulipougua ukakataa kuacha kufunga, nani alikupangia vidonge, kimoja futari, kimoja daku? Alikwambia ule mchana kama yeye?"

"Hapana, bibi."

"Ijumaa anakungoja utoke msikitini ndipo akuchome sindano. Alishakwambia nenda kanisani?"

"Hapana, bibi."

"Basi kimbia, maji yanajaa!"

Alikimbia yule! Kaa wakampisha, matope yakamfika kiunoni, kanzu ya maulidi ikageuka gunia la mkaa.

Nawakatisha hapo makusudi, wanangu, maana utamu ukiisha hamtanisikiliza. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mwalimu, mganga, muuza duka, atokaye bara akaja kwetu, mkaribishe na mwiko wake. Usimpime upendo kwa sahani yako. Na wewe ukienda kwao usiidharau yao, wala usiitupe yako. Mungu awape majirani wa kila namna, na moyo wa kuwatosha wote. Amin.

Haya, basi Shomari akaishika boti, analia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa: "Nesi, nisamehe, mke wangu anajifungua!" Nesi kusikia hivyo, begi begani, huyo kashuka matopeni! Shomari akamfuata nyuma anaapa: "Wallahi nesi, kuanzia leo na mie sili samaki!"

Nesi akamgeukia, matope mpaka kwenye kope:

"Kula samaki wako, Shomari! Nani kakwambia natafuta Mgogo mwenzangu? Wewe niachie sufuria langu!"