Fahali wa Mjumbe

Kwa miaka ishirini na miwili Ndalahwa alilinda ngitili ya kijiji chao, huko Misungwi ndani, na hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu. Ngitili ni eneo la miti na nyasi ambalo hufungwa mvua zikianza, mifugo isiingie, ili kiangazi kikikaza na malisho mengine yakiisha, ndama na ng'ombe wanyonge wapate cha kutafuna. Kazi yake ilikuwa kuizunguka na rungu asubuhi na jioni, kuujua kila mgunga ulipo, na kumfikisha yeyote aliyekata mti mbichi mbele ya sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Faini ilikuwa fahali mmoja. Huliwa na kijiji kizima siku hiyohiyo, na aliyetozwa hukaa pembeni akitazama, haonji hata mchuzi. Ndalahwa aliwatazamisha hivyo watu kumi na mmoja, mmoja wao shemeji yake, na hakumwonea huruma hata mmoja.

Kisha wakampa kitambulisho cha kuvaa shingoni, akaharibika.

Kamati ya ushauri ya wataalamu wa misitu iliundwa Mwanza, na kanuni zilitaka awemo mwananchi mmoja; akachukuliwa Ndalahwa. Walikuwa wakiketi kwenye ukumbi huko Kiseke, wenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe kama bibi harusi. Mwenyekiti alikuwa Dokta Paulo, ambaye udaktari wake ni wa sangara. Alikuwepo bingwa wa takwimu, bingwa wa barabara, na bingwa mwingine ambaye mpaka leo haijulikani ni bingwa wa nini, ila alikuwa hodari wa kuunga mkono hoja. Mtu pekee aliyesomea miti alikuwa Dorcas, ofisa misitu kijana, naye walimpa kazi ya kuandika muhtasari, kwa hiyo mdomo wake haukuhitajika.

Na mwananchi naye hakusema. Hilo ndilo linaloudhi. Vikao vinne vizima Ndalahwa alikula sambusa, akaitwa mheshimiwa mjumbe, akatikisa kichwa wenzake walipotikisa. Karatasi ilipopitishwa alitia saini yake ndefu yenye mkia, bila kutazama imeandikwa nini juu. Nyumbani alianza kuzungumza na mkewe Suzana kwa maneno ya ukumbini, mpaka mama wa watu akamwomba akivue kile kitambulisho angalau wakati wa kula.

Mwishoni mwa Septemba kamati ikatembelea ngitili. Ardhi ilikuwa imepasuka na migunga imepukutisha majani yote, kama inavyofanya kila mwaka tangu dunia iumbwe. Dokta Paulo alisimama ukingoni, viatu vyake visichomwe na miiba, akatazama mara moja tu.

"Msitu huu umekufa," alisema.

Bingwa wa takwimu akauliza umekufa kwa kiasi gani. Wakashauriana kidogo wakakubaliana asilimia themanini. Zile nyasi kavu zilizofika magotini, ambazo ndizo ghala la kijiji na ndiyo sababu ya kufunga ngitili miezi yote hiyo, wao waliziita takataka zinazoweza kuwaka moto. Bibi yeyote kipofu wa kijiji kile angewasahihisha kwa kuzipapasa tu.

Dorcas alitoa ufunguo mfukoni akakwangua gome la mgunga. Ndani palikuwa kijani kibichi, na unyevu ukamlowesha kidole.

"Mwenyekiti, huu mzima kabisa," alisema.

"Vizuri. Weka kwenye muhtasari."

Dorcas akamgeukia Ndalahwa, akamngoja. Mtu aliyeijua ile miti kuliko watoto wake mwenyewe alikuwa amesimama palepale. Ndalahwa akakiweka sawa kitambulisho chake kifuani.

"Wataalamu wameona," alisema.

Mchana huo vibarua wa kamati walikata njia nyembamba za kupimia, wakaangusha migunga mibichi thelathini na minane, na aliyewaonyesha pa kupita ni Ndalahwa. Ushauri wa kamati ulikuwa tayari kabla gari halijawashwa: ngitili yote ing'olewe, ipandwe mikaratusi kwa mistari. Mkaratusi una sifa kubwa sana, maana hubaki kijani hata kamati inapokuja wakati wa kiangazi. Kilichobaki ni saini za wanakijiji tu, kwa sababu bila wao kuridhia hakuna kinachoweza kung'olewa.

Kesho yake sungusungu wakamwita. Mkuu wao alikuwa mzee Machibya, mtu asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Miti mibichi thelathini na minane, Ndalahwa."

"Ilikatwa na kamati."

"Na wewe ni nani kwenye hiyo kamati?"

"Mjumbe."

"Basi kamati imefika. Siku ya nane ulete fahali."

Ndalahwa alikuwa na fahali mmoja tu, mweusi mwenye baka jeupe usoni, na ndiye aliyekuwa akivuta plau yake. Alikwenda mbio Kiseke kwenye kikao cha mwisho, na kwa mara ya kwanza akanyoosha mkono. Akaeleza vizuri kabisa: kwamba miti ile haijafa, kwamba nyasi zile ni chakula, kwamba kamati imekata miti mibichi na kijiji kinadai faini. Alisema kwa haraka, si kwa woga bali kwa aibu ya kuchelewa.

"Hoja nzuri sana, mheshimiwa mjumbe," alisema Dokta Paulo. "Iingie kwenye mengineyo."

Mengineyo yalifikiwa pamoja na chai. Watu walikuwa wameshasimama na vikombe vyao.

Siku ya nane fahali alichinjwa. Kijiji kizima kilikusanyika, na Ndalahwa akakaa peke yake kwenye kigogo pembeni, palepale alipowahi kumkalisha shemeji yake. Shemeji alikuwepo, na alikuwa akitafuna taratibu makusudi. Nyama ilipokuwa imeiva, gari likaingia. Dokta Paulo alikuwa amekuja kuchukua zile saini, na alipoona umati umeshakusanyika bila yeye kuuita, uso ukamnawiri.

"Mmetuandalia na nyama!"

"Karibu ule," alisema mzee Machibya.

Akala. Akakabidhiwa paja akalishughulikia kisawasawa, huku akisifu ushirikishwaji wa jamii na kumwambia dereva apige picha. Dorcas, aliyekuja naye, hakugusa kitu. Kisha Dokta Paulo akampelekea Ndalahwa karatasi awe wa kwanza, awaonyeshe wenzake mfano.

Ndalahwa akaanza kusoma juu. Paliandikwa kwamba hawa ndio wananchi walioridhia ngitili ing'olewe. Akazikumbuka zile saini nne za Kiseke, zenye mkia, alizotia bila kusoma. Akasimama, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka watu wakaacha kutafuna. Halafu akamtazama mwenyekiti wake.

"Dokta, unachokula ni faini ya miti tuliyoikata mimi na wewe. Fahali ni wangu, nimetulipia sote wawili. Na kwetu hapa aliyetozwa haonji. Weka hilo fupa chini."

Dokta Paulo aliangalia fupa, akaangalia watu, akaliweka chini polepole, bila kujua afute wapi mikono.

Karatasi ikapitishwa kwa umati wote, mkono kwa mkono. Ilirudi haina saini hata moja, ina madoa ya mafuta ya nyama tu. Ndalahwa akaikunja, akavua kitambulisho akakiweka juu yake, akamkabidhi Dokta Paulo kwa mikono miwili.

"Mwenyekiti, hii iingie kwenye mengineyo."

Kisha akarudi kukaa kwenye kigogo chake, kwa sababu nyama ilikuwa bado haijaisha.