Ukuta wa Balkoni ya Ghorofa ya Tatu

Harufu ya rangi mbichi ndiyo iliyotupokea. Kabla sijaona marumaru zinazong'aa wala koki inayotoa maji ndani ya nyumba, niliivuta harufu ile pale ngazini, kali, imechanganyika na ya saruji ambayo haijakauka vizuri na ya vanishi ya milango, nikaamua moyoni kwamba hiyo ndiyo harufu ya utajiri. Nilikuwa darasa la tatu. Tulikuwa tunahamia ghorofa ya tatu ya jengo jipya la apatimenti hapa Mbeya, katika miaka ambayo mtu akisema anaishi ghorofani watu walidhani anatania. Baba alitangulia na godoro kichwani, Mama akafuata na beseni la vyombo, na nyuma kabisa alikuja Bibi, mama yake Baba, akishika ukuta kwa mkono mmoja na kupumzika kila baada ya ngazi chache, akiuliza kwa Kinyakyusa kama huko juu tunakokwenda kuna watu au kuna malaika tu.

Tulitoka Iyunga, kwenye nyumba ya kupanga ya matofali ya kuchoma. Paa lake la bati lilikuwa limekaa juu ya kuta bila kuzigusa vizuri. Katikati palibaki mwanya ambao mbayuwayu waliupita watakavyo, na upepo wa kutoka Mlima Loleza uliingia humo bila kupiga hodi, hivyo kipupwe kilipoanza tulilala na masweta. Choo kilikuwa uani, bomba uani, jiko uani. Kwa kweli tuliishi uani na ndani tuliingia kulala tu. Wapangaji wote wa ua ule walijua nani anaumwa, nani kapata mgeni, nani kaunguza maharage. Kisha mwenye nyumba akauza kiwanja ili zijengwe fremu za maduka, na kila familia ikashika njia yake. Wanawake walilia siku ile. Baba hakulia. Kwa miaka mingi alikuwa ametamani kuishi mahali ambapo akifunga mlango wake, umefungwa.

Na mlango wa apatimenti ulifungwa kweli. Ulikuwa wa mbao nzito, una kitasa cha shaba, na ukisukumwa ulitoa mlio mdogo mzito ambao Baba alipenda kuusikia hadi akawa anaurudia bila sababu. Madirisha yalikuwa ya alumini, yakiteleza kwenye reli zake na kuziba kabisa, hata kelele za malori yanayokwenda Tunduma zikawa kama zinatoka mji mwingine. Jikoni kulikuwa na kabati za kuning'inia ukutani, na Mama alizifungua na kuzifunga kama mtoto aliyepewa kitabu cha picha. Mimi nilipata chumba changu na Bibi, na chini ya dirisha Baba aliniwekea meza ya kufanyia kazi za shule. Nilichora kwenye meza ile mapaa yote niliyoweza kuyaona kutoka juu, ya bati jipya na ya bati lililoshika kutu, na nadhani kazi ninayoifanya leo ilianzia hapo.

Lakini Bibi hakuipenda nyumba. Alisema imefumba mdomo. Kila asubuhi aliburuta stuli yake hadi mlangoni, akaufungua mlango wazi na kukaa akitazama ngazi, akingoja mtu apite amsalimie. Baba akitoka kwenda kazini aliufunga taratibu na kumwambia, "Mama, huku kila mtu ana faragha yake." Bibi alijibu, "Faragha hiyo inaliwa na nini?" Mama naye alikuwa na shida yake, ingawa hakuisema mbele ya Baba: aliogopa kuwa juu. Akikanyaga balkoni alirudi ndani mara moja ameshika ukuta. Nguo zilianikwa na Bibi, na mkaa wa kupikia uliwashwa balkoni na Bibi, kwa sababu gesi tuliiweka kwa chai na wageni.

Balkoni yetu ilipakana na ya jirani. Kati ya hizo mbili palijengwa ukuta uliofika mabegani mwa Mama, ili watu wasichunguliane. Nyuma ya ukuta ule aliishi mwanamke mdogo aliyekuwa na mtoto mchanga wa kike. Tulijua habari zake kwa masikio tu: redio yake ya asubuhi, kinu chake kidogo cha kutwangia viungo, na mtoto wake, ambaye kila alasiri aliogeshwa na kila alasiri alilia kwa hasira hadi maji yalipomwagwa. Tukikutana ngazini yeye na Mama walisema "habari" na "nzuri," kisha kila mmoja akaingia kwake na kitasa kikalia. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tulikuwa tumefika mlangoni, tukaishia hapo.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali. Shule zilikuwa zimefungwa, na ukungu ulishuka mlimani ukakaa juu ya mji hadi mchana. Alasiri moja Mama alikuwa anachambua mchele mezani, mimi nachora, Bibi amejifunika vitenge viwili. Ghafla Bibi akainua kichwa.

"Mama Atu," alisema, "yule mtoto leo amelia?"

Mama akasikiliza. "Labda wametoka."

"Wametoka wapi? Nilikuwa mlangoni tangu asubuhi. Mama yake aliwasha mkaa balkoni, akauingiza ndani. Harufu niliisikia. Tangu hapo kimya."

"Basi wamelala, Mama."

"Kagonge."

Mama alisitasita. Nakumbuka alivyoufuta mkono wake kwenye kanga huku akiutazama mlango wetu. "Nitawaambia nini? Hata jina lake silijui."

"Mwambie mkwe wako ameishiwa chumvi."

Mama akatoka, nami nikamfuata. Ndala za jirani zilikuwa pale pale mlangoni, ndogo, za rangi ya waridi, na redio ilisikika ikiongea peke yake. Mama aligonga kwa vidole, kisha kwa ngumi, kisha akaita, "Dada! Dada wa humu!" Hakuna aliyejibu. Akajaribu kitasa, kimefungwa kwa ndani. Akarudi ndani mbio na, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tuhamie, akaenda moja kwa moja balkoni, akachungulia juu ya ukuta. Kioo cha mlango wa balkoni ya jirani kilikuwa kimetoka jasho kwa ndani. Chini yake, kupitia sehemu ya kioo isiyo na mvuke, Mama aliona mkono wa mtu sakafuni.

"Yesu wangu," Mama alisema. Kisha: "Lete stuli."

Niliileta. Alipanda, nami niliona jasho likimtoka shingoni katika baridi ile. Bibi alimshika kiuno kwa mikono yote miwili na kumwambia, "Usitazame chini. Tazama ule mlango." Mama alitupa mguu mmoja juu ya ukuta, akakaa pale juu kitambo huku macho ameyafumba na midomo ikisali, kisha akajiangusha upande wa pili. Nilisikia goti lake likigonga saruji. Mlango wa kioo, kwa rehema za Mungu, haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Aliutelezesha, na hewa nzito ya moto ikatoka ikatufikia hata sisi.

"Atu, kamwite mlinzi!" alipiga kelele, lakini miguu yangu haikuondoka mara moja, kwa hiyo niliona. Mama aliibuka na mtoto amelegea mikononi kama nguo iliyokamuliwa, akamwinua juu ya ukuta, na Bibi akampokea. Ndipo nilipokimbia. Niliporudi na mlinzi, Mama alikuwa ameufungua mlango wa mbele kwa ndani na anamburuta yule mwanamke kuelekea ngazini. Mlinzi alimshika miguu. Walimlaza kwenye sakafu ya baridi palipokuwa na upepo, na Mama akampigapiga mashavu akimwita dada, dada, kwa kuwa hakuwa na jina jingine la kumwita.

Kwetu ndani Bibi alikuwa amesimama balkoni na mtoto, amemwelekeza uso kwenye ukungu, anamsugua mgongo na kuongea naye Kinyakyusa kwa sauti ya chini. Mtoto hakujibu. Bibi akaendelea, bila haraka, kana kwamba anamwamsha aende shule. Kisha kile kifua kidogo kikashtuka, kikakohoa, na kilio kikatoka, kwanza chembamba, halafu kile kile cha hasira tulichokizoea. Bibi alikaa chini palepale kwenye saruji. "Ndaga," alisema. "Ndaga fijo." Asante. Asante sana.

Teksi iliwapeleka hospitali, Mama akiwa na kanga moja tu na goti linalovuja damu. Mama yake mtoto alizinduka njiani. Wauguzi walieleza kwamba jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa huua bila kuaga, na kwamba wangechelewa kidogo tu habari ingekuwa nyingine. Alikuwa ameliingiza kwa nia njema kabisa. Mtoto ana mafua, baridi inauma, gesi imekwisha, akataka chumba kipate joto kabla ya kumwogesha, akayafunga madirisha yale mazuri vizuri kama yalivyotengenezwa kufungwa.

Aliitwa Mama Shamimu. Alikuwa wa watu wa Iringa mjini, Waislamu ambao mababu zao walikuja na biashara kutoka pwani. Mumewe aliuza nguo, na siku ile alikuwa amepeleka mzigo Makongolosi, wilayani Chunya, kwa wachimba dhahabu. Alirudi na vumbi la Chunya bado limejaa kwenye nyusi zake, akasimama mlangoni petu. Baba alimshika bega. "Ingia, kaka," alimwambia. "Chai ipo." Walikunywa chai yote, na mgeni alipoondoka, Baba hakuufunga mlango.

Siku chache baadaye wanaume wale wawili walikwenda pamoja kwa mwenye jengo. Kwanza hakutaka kusikia; alisema sura ya jengo lake itaharibika. Baba, mtu mpole aliyeipenda nyumba ile kuliko sisi sote, alimwambia kwamba jengo lenye sura nzuri na maiti ndani halitapata mpangaji. Yule bwana hakuwa mbaya. Alileta fundi, yakatobolewa matundu ya hewa juu ya kila dirisha na kuwekwa wavu, ghorofa zote. Baba Shamimu akaomba jambo moja zaidi: ukuta wa balkoni uondolewe. Fundi aliubomoa asubuhi, na jioni tulikuwa na kibaraza kirefu cha familia mbili.

Msimu uliobaki, na miaka iliyofuata, tuliishi pale. Mama Shamimu alimfundisha Mama kukanda maandazi ya iliki. Bibi alimfundisha yeye kupika ndizi kwa maziwa ya mgando, na alipokosea alimcheka bila huruma. Mwezi wa Ramadhani mikeka ilitandikwa mwanzo hadi mwisho wa kibaraza. Krismasi, pilau lilipikwa na Mama Shamimu kwa sababu letu, alisema, lilikuwa wali wenye huzuni. Bibi alimpa mtoto jina la Kinyakyusa, Tupokigwe, yaani tumeokolewa, na wenyewe wakalifupisha wakamwita Tupo. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, husema watu; sisi hatukujua tena mpaka wa ndugu na jirani uko wapi. Mama hakupona hofu yake. Alianika nguo kwa mkono mmoja, wa pili umeshika nguzo, na hakuna aliyemcheka.

Leo nalipwa kupanga nyumba za watu ndani: dari za jipsamu, taa zilizofichwa, majiko yaliyo wazi kwa sebule. Mbeya imejaa majengo ambayo lile letu likisimama kando yake linaonekana kama kaka mkubwa aliyevaa suti ya zamani. Sitasema zamani kulikuwa bora. Nimeona zamani ikimlaza mtu sakafuni. Nyumba ninazochora zina gesi ya bomba, feni za kuvuta moshi, lifti kwa wenye magoti kama ya Mama. Nazo zina milango iliyopangwa makusudi isitazamane, kwa kuwa wateja huomba hivyo, na mimi hufanya wanachoomba. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mwanangu amekulia kwenye apatimenti safi, na ukimuuliza jirani yetu anaitwa nani, anataja namba ya mlango.

Mwaka huu Tupo, ambaye sasa ni mfamasia Iringa, alinunua apatimenti yake kwenye mteremko unaotazama yale mawe makubwa ya mji, akanipa ufunguo na kusema, "Dada Atu, panga utakavyo." Nilifanya kazi ile kwa moyo kuliko kazi zote. Ilipokwisha alitusafirisha sote kutoka Mbeya. Mama na Mama Shamimu walitembezwa chumba kwa chumba wakiwa wameshikana mikono, wanawake wawili wazee wakipapasa kabati na kubishana kama rangi ya ukuta ni kijivu au ni uchafu. Kisha tulikaa kwenye zulia, na Mama Shamimu akainua mikono kuiombea nyumba. Aliwataja marehemu wake mmoja mmoja: wazazi wake, mumewe, kaka zake. Baadaye akamtaja Baba. Mwisho akamtaja Bibi kwa jina lake la ujana, Tumpe, ambalo hata mimi nilikuwa sijalisikia kwa miaka. Mama yangu, Mlutheri tangu kuzaliwa, akaitikia amina kabla yetu sote.