Setilaiti ilionyesha Oltepesi ni kijani, nikahamisha ng'ombe wa kaka yangu

Wakuu, hamjambo. Haya sikuhadithiwa, yalinipata mwenyewe, na hadi leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Mwisho wa miaka ya tisini nilipata kazi kwa mradi wa kupima mabadiliko ya mimea kwa picha za setilaiti. Form Four tu. Nilizunguka Kajiado na fremu ya waya, naiweka chini, naandika ni kiasi gani cha ndani yake ni kijani. Ofisini wanalinganisha na kile setilaiti imeona.

Nilijiona profesa, msinicheke.

Halafu ukaja ukame, mapema miaka ya elfu mbili. Kwetu Kitengela nyasi ziliisha kabisa. Kaka yangu Parsaloi ndiye aliyechunga ng'ombe wa familia yote, na walikuwa wamebaki ngozi na mifupa.

Kwetu Wamaasai, huhami kabla ya kutuma watu wakaone malisho kwa macho. Alipotaka kuwatuma, nikamwonyesha ramani mpya ya mradi. Kwingine kote kumefifia, lakini upande wa Oltepesi kijani kimezidi cha miaka iliyopita.

"Kutuma watu ni kupoteza siku," nikamwambia. "Hii imeonekana kutoka angani."

"Ndugu yangu, una uhakika?"

"Kabisa."

Akaniamini. Tukahama.

Wakuu, tukafika. Kijani kweli, hadi macho yanapoishia! Lakini nyasi hakuna. Ni ule mmea wa maua meupe unaovamia malisho na kumaliza nyasi, na ukame hauutishi. Ng'ombe waliinama, wakanusa, wakainua vichwa.

Parsaloi akanigeukia. "Hiyo setilaiti yako, ilionja?"

Nguvu ya kurudi hawakuwa nayo. Wengi walilala njiani, hawakuamka.

Kinachonishtua zaidi: setilaiti haikudanganya. Ilipima kijani, ikaona kijani. Ni mimi, mtoto wa mfugaji, niliyeandika "kijani" bila kujiuliza kama ng'ombe anakila.

Kaka hakunitusi hata siku moja. Aliacha tu kuniuliza habari za malisho. Sasa sote wawili ni wazee, na kiangazi kikija anauliza majirani, mimi nimekaa hapo kando yake.

Funzo langu: ramani ikuonyeshe pa kwenda kuangalia. Isikuhamishe.

Sasa nyinyi mnaosoma hizi ramani kwa simu, na wafugaji mlio humu: ningekuwa ndugu yako, ungeniuliza tena? Semeni ukweli, sitakasirika.