Marcelline hakumusemea mutu

Asubuhi ile ya siku ya pili, ile wengine wanaita Jumanne, Marcelline aliamka wa kwanza, kama siku zote. Aliwasha mbabula ya makaa, akaweka maji ya chai, akakaa kwenye kiti kidogo kutoa nyuzi zilizoshika nguo yake ya kazi. Nilikunywa chai na mihogo iliyobaki jana. Mvua ilikuwa imenyesha na njia yetu ya Kadutu, hapa Bukavu, ilikuwa inateleza, nikamuambia avae bote za mvua. Alisema bote zinamuzeesha. Alivaa viatu vyake vya wazi, akachukua makasi yake makubwa kwenye musumari, akaniambia nisisahau kufungia kuku, maana mbwa wa jirani ameanza tabia. Nikasema nimesikia. Akashuka upande wa Nyawera.

Tuliishi pamoja miaka makumi ine na moja, na siku ya mwisho tuliongea habari ya kuku.

Marcelline Cibalonza alizaliwa Walungu. Masomo yake yaliishia mwaka wa ine wa primeri. Mimi sikuingia hata wa kwanza. Nilikuwa nabeba mizigo ya watu sokoni Nyawera, na ndipo nilimuona, anauza maharagi na shangazi yake. Siku ya ndoa, mbele ya mukubwa wa komini, aliulizwa kama ananikubali. Alifungua kinywa, sauti haikutoka. Yule bwana akauliza mara ya pili. Bado. Shangazi aliyesimama nyuma yake akajibu: "Anakubali, andika tu, jua ni kali." Watu walicheka, bwana akaandika.

Mpaka uzee Marcelline alikuwa anasema mbele ya wageni kwamba yeye hajaolewa bado, aliyeolewa ni shangazi. Watu walikuwa wananitazama mimi nijibu. Nilikuwa nainuka kwenda kuleta chai.

Kushona alijifunza kwa masista. Mwaka wa pili walimupa kanzu ya padri mumoja muzee akate, akaikata fupi, ikaishia katikati ya miguu. Sista alimuambia: peleka mwenyewe, useme mwenyewe. Marcelline alilala siku mbili bila kula. Alipofika mbele ya padri alisema yote kwa pumzi moja, macho chini. Padri alijipimia ile kanzu, akasema ni vizuri, sasa hataikanyaga tena akipanda altare. Marcelline alirudi nyumbani akiimba. Aliniambia siku ile kwamba alikuwa anadhani ukisema kosa lako unakufa, kumbe unarudi nyumbani unapika.

Kutoka pale akatengeneza sheria yake. Alipofungua ateliye yake Nyawera, chumba kimoja na mashine ine za kukanyaga kwa muguu, alipokea wasichana wa kufundisha, watano au sita kwa mwaka. Sheria ilikuwa moja. Aliyeharibu nguo anamuambia mwenye nguo, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Marcelline anakaa pembeni na sindano yake, hasemi kitu. Wateja wengine walikasirika. Walimuuliza yeye iko fundi gani asiyejibu kwa ajili ya watoto wake. Alisema: "Nikimusemea leo, nikifa atasemewa na nani?"

Wasichana walilia sana pale. Lakini walitoka na kinywa. Mumoja wao, Charlène, alikuja akijificha nyuma ya mulango wateja wakiingia. Miaka miwili baadaye ndiye alikuwa anabishana na maaskari waliotaka uniforme kwa siku moja, anawaambia wakae kwenye benchi kama watu wengine. Na wakakaa.

Hata mimi alinifundisha. Nilikuwa na miaka makumi tano na ine. Aliandika herufi kwenye meza ya kukatia, kwa chaki ya nguo, nami nazifuata kwa kidole. Ndiyo maana naandika haya, polepole.

Maombi alikuja mwaka juzi. Alikuwa na miaka kumi na saba, mutoto wa Luberizi, kule wanakolima mupunga. Vita ilimukuta kule, mama yake akafa, akafika Bukavu na watu waliokuwa wanakimbia. Wamama wa parokia walimupokea. Alilala kwa mumoja wao, akala kwao, wakamupeleka kwa Marcelline ajifunze kazi. Luberizi alikuwa amebaki mujomba tu, na mujomba alikuwa ametuma neno mara mbili: mutoto arudi, kuna mutu wa mashamba anamungoja amuoe. Yule mutu alikuwa na miaka ya kunikaribia mimi. Maombi hakutaka. Lakini hata hilo alilisema kwa Charlène tu, mudomo kwenye sikio.

Alikuwa na mukono muzuri kuliko wote waliopita pale. Marcelline aliniambia hivyo, na yeye hakuwa mutu wa kusifu. Lakini alikuwa anaongea na mukono juu ya kinywa, na ukimuuliza mara ya pili ananyamaza kabisa. Wenzake walimuita Radio Bila Pile, ile isiyo na betri. Alikuwa anacheka nao, bila sauti.

Halafu ikaja kazi ya wamama. Sikukuu ya parokia ilikuwa inakaribia, nao walikuwa wametengenezesha kikwembe chao, kitenge cha bluu, na sura ya Bikira Maria ndani ya muviringo. Bluzi kumi na sita. Marcelline alimupa Maombi akate. Maombi alifanya vile wanakata wote pale ili kitambaa kisipotee: alikunja kile kirefu mara mbili, akapanga moja juu ya ingine, akapitisha makasi. Lakini kitambaa chenye sura hakikunjwi hivyo. Ukikikunja hivyo, upande mumoja sura inasimama, upande mwingine inageuka. Waliposhona bluzi ya kwanza, kifuani Maria alisimama vizuri, na mugongoni alikuwa miguu juu, kichwa chini. Zote kumi na sita zilikuwa hivyo, na kitambaa kingine hakikuwepo.

Prezida wa wamama ni mama Rosalie. Si mutu mubaya. Alichukua ile bluzi, akaigeuza, akaigeuza tena. Alisema amemulisha mutoto mwaka muzima na mutoto amemupindua Mama wa Mungu. Wamama wengine walisema si makasi, ni moyo. Mutoto asiyefungua kinywa anaficha kitu. Mwaka ulikuwa muzito, benki zilikuwa zimefunga, kila nyumba ilikuwa inahesabu sahani. Nadhani wengine walikuwa wanatafuta sababu. Wakakubaliana arudi Luberizi kwa mujomba.

Marcelline aliwaomba kitu kimoja: wamusikilize kwanza. Mama Rosalie alikubali. Siku ya ine ya juma lililofuata, Alhamisi, kwenye mukutano wao, Maombi asimame aseme kilichotokea na aombe kubaki. Akisema vizuri, atabaki. Asiposema, gari.

Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Nilipita ateliye siku zile kumuletea Marcelline chakula, nikaona vile alimufundisha. Aliwaambia wasichana wakanyage mashine zote ine kwa mara moja, bila kitambaa, kelele tupu. Maombi akasimama katikati na kusema. Hakuna aliyemusikia, hata yeye mwenyewe. Alisema hivyo siku mbili. Kisha Marcelline akasimamisha mashine moja. Zikabaki tatu, na Maombi akasema tena, na kidogo ilisikika. Siku ingine mbili. Akishindwa, Marcelline harudii kumukaripia; anarudisha mashine iliyosimama, wanaanza pale tena. Charlène alikuwa anamuchokoza: "Radio, pile zimefika, tafuta stasio." Maombi akacheka na sauti kidogo ikatoka, na Marcelline akasema na hiyo pia ni sauti, aitumie.

Siku ya kwanza, Jumatatu, walikuwa wamefika mashine moja. Marcelline alirudi nyumbani na furaha. Alisema kesho wataisimamisha.

Kesho yake ndiyo siku ya pili niliyoanza nayo. Saa tisa hivi Charlène alinipigia. Marcelline alikuwa amesimama kuchukua pasi, akakaa chini, akasema kichwa, kisha mudomo ukaenda upande. Walimuweka kwenye moto, ile pikipiki ya abiria, kati ya dereva na Charlène, Charlène anamukamata kwa kikwembe asianguke. Nilifika hospitali kwa miguu. Daktari alisema mushipa ulipasuka ndani. Alisema kwa upole. Marcelline alikuwa bado na chaki kwenye vidole.

Tulizika siku ya ine. Aurore, mutoto wetu mumoja tu, iko Kindu na bwana yake. Njia ilimuchelewesha, akakuta kaburi.

Wamama wa parokia walifanya yote. Walipika, waliimba, walilala chini pamoja na jamaa. Lazima niseme hilo pia. Siku ya posho, Jumamosi, tulipomaliza kilio, watu wote wakiwa bado wamekaa chini ya bashi ya turubai uani kwangu, mama Rosalie akasimama. Aliniambia kwa heshima kwamba Marcelline alikuwa amewaomba wamusikilize mutoto mbele ya kukata neno, na mukutano wao haukufanyika kwa sababu ya maziko. Gari la kwenda upande wa Kamanyola, njia ya Luberizi, lilikuwa linaondoka siku ya kwanza, njia ikiwa bado wazi. Kama mimi naruhusu, wamusikilize pale, na neno la marehemu litakuwa limeheshimiwa.

Nikasema sawa.

Maombi alisimama. Alikuwa amevaa kikwembe cha kuazima, kirefu kwake. Nyimbo zilikuwa zimekwisha na hakuna aliyekohoa. Labda watu sitini. Aliteremusha mukono kutoka kinywani, hilo nililiona. Alisema: "Mama." Basi. Tulingoja. Mutoto mumoja nyuma alicheka, wakamupiga kibao.

Charlène alianza kunyanyuka. Mama muzee aliyekuwa karibu yake alimuvuta nguo, akamukalisha. Mbele ya wakubwa, siku ya kumaliza kilio, musichana haombi neno. Pale anayeweza kusema bila kuitwa ni mwenye kilio, na mwenye kilio nilikuwa mimi.

Mama Rosalie alinigeukia. Aliuliza: "Papa Aurore, uko na neno?"

Aliniuliza polepole. Leo naamini alikuwa anataka niwe nalo. Neno dogo tu lingetosha, kama mutoto ananisaidia nyumbani, au abaki mpaka mwisho wa mwaka. Siku kama ile, mwenye kilio hakataliwi.

Nikasema: "Marcelline hakutaka asemewe."

Watu waliitika. Wengine walitikisa kichwa, kwa kuheshimu. Mama Rosalie alikaa. Maombi naye akakaa, na mukono ukarudi kinywani.

Walidhani nimesema neno la busara. Nilikuwa naogopa. Maisha yangu yote, neno nililopaza mbele ya watu ni "Njia", nikiwa na gunia kichwani, ili wanipishe. Nilitaka wote waache kunitazama. Nilichukua sheria ya muke wangu nikajificha ndani yake.

Siku ya kwanza asubuhi Maombi alipita kuniaga. Gari lilikuwa linamungoja chini kwenye barabara, linapiga honi. Hakukaa. Alisimama mulangoni, mikono chini, akasema, na kila neno nililisikia: "Papa, ni mimi nilikata. Nilikunja kitambaa ili kisipotee, sikuangalia sura. Mama hakuwa na kosa. Nilikuwa nataka kubaki nijifunze kazi." Kisha akaniangalia.

Nilimuambia safari njema. Nilimupa mihogo kwenye mufuko.

Ateliye imefungwa. Charlène alichukua mashine moja, anashonea kwao. Zingine tatu ziko hapa chumbani, nimezifunika. Wakati wa kuvuna mupunga mutu wa Luberizi alipita sokoni, akaniambia Maombi ameshapewa yule mwenye mashamba. Nilimuuliza kama anashona. Alisema hajui, kwa ile nyumba hajaona mashine. Nilimuuliza kama anaongea. Alinishangaa, akauliza kuongea namna gani.

Watu wakinikuta kaburini wananiambia nilimuheshimu muke wangu mpaka mwisho, sikuvunja sheria yake hata siku ya uchungu. Naitika. Sijamuambia mutu yeyote hiki, hata Aurore. Siku ya Mungu ile, Jumapili mbele ya kifo chake, tulikuwa tunatoka misa, mimi na yeye tu, tunapanda polepole kwa sababu ya magoti yangu. Nilimuuliza itakuwaje mutoto akifika pale siku ya ine na sauti ikose. Alisimama apumzike. Aliangalia nyuma kama kuna mutu wa ateliye, kisha akasema:

"Akishindwa, nitasimama niseme mimi. Lakini weye usimuambie, maana akijua hatajaribu."